Paa Linaloinamia Ndani

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na habari njema imeingia nayo. Mwanangu alikuja amelowa chapachapa, akaninyanyua juu juu kama gunia, mimi na magoti yangu haya, akasema, "Mama, tumeingia tano bora!" Nyumba hii tunayokaa, aliyoichora mwenyewe, ni mojawapo ya tano zinazowania Tuzo Kuu ya Wasanifu. Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote, mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu. Watoto wa watu nimewapigia makofi mpaka viganja vikaota sugu. Leo nimempigia wangu.

Wanaoiona nyumba mara ya kwanza hushika midomo. Paa halimwagi maji nje kama mapaa ya majirani. Linainamia ndani, pande zote nne, na mvua inaanguka katikati ya nyumba, kwenye ua wenye kidimbwi na kokoto nyeupe. Kuta ni zege tupu, madirisha ni vioo vikubwa visivyofunguka, na vyumba havina milango, isipokuwa choo, na kwa hilo namshukuru Mungu. Majaji walipanga kuja kiangazi, lakini mwanangu mwenyewe aliomba waje mvua ikinyesha, waone paa likifanya kazi. Mpaka waje, haruhusiwi mtu kuongeza msumari wala kuutoa.

Mkwe wangu alimpa mumewe hongera kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Kazi yake ni kupima macho ya watu hospitalini, na naona mazoea hayo anakuja nayo nyumbani: kutwa anatafuta kasoro.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Ndoo moja imewekwa kwenye korido, pale paa linapokutana na ukuta. Mwanangu anasema nyumba mpya zote huwa hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Leo mezani moto uliwaka. Mkwe wangu aliweka kijiko chini taratibu, nikajua kuna jambo.

"Baba Chiriku, ukuta wa chumba cha mtoto umelowa. Umeuona?"

"Nimeuona. Zege linapumua."

"Ukuta haupumui, unavuja. Maji yanajaa kwenye ukingo wa paa, yanashuka ndani ya ukuta. Weka gata, maji yapate njia."

Mwanangu akacheka. "Gata? Nyumba hii ukiiwekea gata ni sawa na kumvalisha bibi harusi gambuti."

Nami nikacheka, tena kwa sauti. Chiriku akacheka kwa sababu sisi tumecheka. Huyu ni mjukuu wangu wa pekee, ana miaka saba, na tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupoi tangu anapoamka. Ana pumu tangu akiwa mchanga, lakini ni ile ya kuja na kuondoka, na dawa yake ya kuvuta hukaa mfukoni mwa mkoba wa shule.

Mkwe wangu hakucheka. Aliondoa vyombo, na kwa kuwa nyumba haina milango, tulimsikia akiviosha kwa hasira mpaka mwisho.

Jumatatu, 10 Machi

Ndoo ya pili. Naandika tu nisije nikasahau.

Jumamosi, 15 Machi

Jumamosi ni siku ya wageni. Wanafunzi wa usanifu wanakuja na kamera zao, wanavua viatu, wanazunguka kwa kunong'ona kana kwamba kuna maiti ndani. Vitambaa vyangu vya kochi, nilivyovifuma mwenyewe kwa mkono, viko chini ya kitanda. Mwanangu alivikunja vizuri, hakunivunjia heshima, akasema, "Mama, vinaua mistari." Mapazia pia yanaua mistari. Mimi huvaa nguo nimejibanza nyuma ya kabati kama mwizi.

Leo binti mmoja alinipiga picha nikinywa chai. Akaniuliza kama nahisi amani. Nikamwambia nahisi baridi ya miguu. Alidhani natania, akaandika kitu.

Lakini baadaye nilimwona mwanangu amesimama uani, mvua inamwagika mbele yake, wanafunzi wamemzunguka wametoa macho, naye anaeleza kwa mikono yake mirefu ile ya marehemu babake. Kichwa kilinivimba kwa fahari. Kuna wazazi wangapi wanaoliona jambo kama hilo kabla ya kufa?

Jumatano, 19 Machi

Chiriku anakohoa. Si kikohozi cha mafua. Ni kile kikavu kinachoishia na mluzi kifuani.

Mkwe wangu ametangaza kwamba anamchukua mtoto waende kukaa kwa dada yake, kwenye fleti iliyo juu ya duka la viatu, mpaka mvua ziishe. Mwanangu aligeuka rangi. Alinifuata jikoni, akanishika mikono yote miwili.

"Mama, ongea naye. Wewe atakusikiliza."

"Niongee nini? Mtoto anakohoa."

"Majaji wanakuja mwanzoni mwa Aprili. Hawaji kuona kuta, wanakuja kuona watu wanavyoishi ndani yake. Nikiwaonyesha nyumba tupu nimekwisha. Wiki chache tu, Mama. Wakiondoka, kesho yake naita mafundi wenye gata, naapa."

Nikaenda. Nilimkuta anakunja nguo za mtoto kitandani. Nilimwambia maneno yote ambayo mama mkwe huyasema: kwamba mume hujengwa na mkewe, kwamba nafasi kama hii haiji mara mbili, kwamba na mimi nilivumilia mengi kwa baba yake. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho nikamwambia, "Mtoto atalala na mimi. Chumba changu ni kikavu. Nitamwangalia kwa macho yangu mwenyewe."

Alininyanyulia uso. "Kweli, Mama?"

"Kweli."

Akazirudisha nguo kabatini. Nilitoka nikijiona mtu wa maana sana.

Alhamisi, 20 Machi

Chiriku kalala kwangu. Hata usingizini anaongea.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tangu asubuhi. Chumba changu si kikavu. Nilisogeza kabati nikakuta nyuma yake madoa meusi yametapakaa ukutani, yana manyoya kama ya paka, na harufu ya viatu vilivyosahauliwa. Ni kuvu. Chumbani kwa Chiriku hali ni mbaya zaidi.

Nilimwambia mwanangu. Akasema atalishughulikia.

Ijumaa, 28 Machi

Amelishughulikia. Wamekuja wapaka rangi. Kwa kuwa kuta zinatakiwa zionekane ni zege tupu, wamepaka juu ya kuvu rangi ya kijivu inayofanana na zege. Fikiria: zege limepakwa rangi ya zege. Mpaka rangi mwenyewe aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aulize wenye nyumba yao.

Ukuta sasa unapendeza. Nyumba nzima inanuka rangi mpaka macho yanawasha, na vioo vyenyewe ndivyo vile, havifunguki. Mkwe wangu alifika kutoka kazini, akasimama katikati ya ua na mkoba wake begani, akavuta pumzi moja, akanitazama mimi badala ya mumewe. Nilijitia hamnazo. Nikauliza kama amekula.

Jumanne, 1 Aprili

Naandika nikiwa hospitalini, kwenye karatasi niliyoomba kwa nesi. Nitaibandika nikirudi.

Mchana Chiriku alitoka shule, akakaa sakafuni chumbani kwangu kuchora. Mimi nilikuwa nashona kifungo. Aliendelea kunisimulia kuhusu mwenzake aliyemeza kifutio, halafu nikagundua kwamba sijasikia mwisho wa hadithi. Nilipogeuka alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, mabega yamepanda mpaka masikioni, mdomo wazi. Hakuwa akikohoa. Alikuwa anatafuta hewa na hewa haiji. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Nilimpa dawa yake ya kuvuta, mara moja, mara mbili, haikusaidia kitu. Nikapiga kelele. Mwanangu alikuwa sebuleni na msaidizi wake wa ofisini, dada mmoja mpole, wakijaribu maelezo watakayowapa majaji. Sitamsingizia mwanangu: alikuja mbio, alimbeba mtoto akiwa peku, akaendesha gari huku analia kama mtoto mwenyewe. Wakati ule nilisema moyoni, ana roho, huyu ni damu yangu.

Hospitalini walimpokea haraka, wakamvalisha mashine ya mvuke usoni. Baada ya muda mrefu rangi ya midomo ikaanza kurudi. Daktari akatoka, kijana mwenye miwani, akaanza kuuliza. Mtoto ana mzio? Kuna paka? Halafu akamwangalia mwanangu vizuri.

"Samahani, wewe si yule msanifu? Wa ile nyumba ya mvua?"

Nikaona mgongo wa mwanangu ukinyooka. Machozi yalikuwa hayajakauka na bado alitabasamu. "Ndiyo, ni mimi."

"Nimeiona kwenye gazeti. Hongera sana. Sasa, kwa vile iko wazi katikati, nyumbani hakuna unyevu? Kuvu ukutani? Rangi mpya?"

"Hapana," mwanangu akasema. "Ni kavu kabisa."

Alisema hivyo. Mtoto wake yuko nyuma ya pazia amefunikwa uso kwa plastiki, na yeye anailinda nyumba. Daktari akaandika. Nilikuwa nimesimama pale pale, kiwiko changu kinagusa cha mwanangu. Nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Nilinyamaza.

Aliyesema ni mkwe wangu. Alikuwa ameingia na sare yake ya kazi, hatukumwona, na alikuwa amesikia.

"Daktari, futa hiyo. Kuta zimeoza kwa kuvu na zimepakwa rangi Ijumaa. Mtoto analala humo humo."

Hakupaza sauti. Daktari akafuta. Mwanangu akatazama viatu vyake. Nilimwangalia yule mwanamke niliyemwita mtafuta kasoro tangu aolewe, nikaona aibu.

Jumatano, 2 Aprili

Mtoto ameruhusiwa. Mkwe wangu amempeleka moja kwa moja kwa dada yake, hakupita nyumbani hata kuchukua nguo. Kabla hajapanda gari alinisogelea.

"Mama, uliniambia chumba chako ni kikavu. Nilikuamini wewe, sikumwamini yeye."

Mimi nilirudi nyumbani kwa mwanangu. Ningeweza kwenda nao, hakuna aliyenizuia.

Ijumaa, 4 Aprili

Majaji wanakuja kesho. Mwanangu alimpigia mkewe simu, akamsihi aje na mtoto kwa saa moja tu. Sikusikia jibu lakini halikuwa refu.

Alikaa uani na simu mkononi mpaka giza likaingia. Halafu akampigia msaidizi wake. Huyu ana binti wa umri wa Chiriku.

Nilimwambia, "Usifanye hivyo."

"Mama, sitasema uongo. Sitasema ni mke wangu. Watakuwepo tu."

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua ilinyesha kama iliyolipwa.

Msaidizi alifika mapema na binti yake. Walikuwa wamevaa vizuri, na mtoto alipoanza kutetemeka kwa baridi mwanangu alileta sweta ya njano ya Chiriku, akamvalisha mwenyewe, akamfunga vifungo vyote. Yule dada alinifuata jikoni, hakunitazama usoni.

"Mama, nimeambiwa ni kukaa mezani tu. Nisamehe."

"Aliyekuambia naye akuombe radhi," nikasema. Maskini, kazi ni kazi.

Walikuja majaji watatu na mpiga picha. Kiongozi wao ni mama wa makamo yangu, ana fimbo na macho ya kuona mbali. Mwanangu aliwapokea akawapitisha. Ndoo zilikuwa zimefichwa bafuni na matambara yamepangwa juu ya ukingo wa paa mahali pasipoonekana. Waliposimama uani na mvua ikawashukia mbele, hata mimi, na yote ninayoyajua, niliona uzuri wake. Hilo ndilo linaloniuma. Nyumba ni nzuri.

Wakafika mezani. Msaidizi amekaa, mtoto amekaa, chai inatoa mvuke.

"Na hii ndiyo familia," jaji mmoja akasema.

Mwanangu akasema, "Karibuni chai."

Basi. Hakuongeza neno. Kwa hesabu yake hajasema uongo.

Jaji mwenye fimbo akaniinamia. "Mama, sisi tunatazama na kuondoka. Wewe ndiye unayelala humu. Niambie ukweli, mnaishije?"

Maji yalikuwa yanaanguka uani. Niliyashika maneno yote mdomoni: kuvu, rangi, mtoto aliyegeuka majivu sakafuni kwangu. Nilikuwa nayafungua meno. Ndipo nikamwona mwanangu nyuma ya bega la jaji. Alikuwa na uso ule ule wa siku alipokuwa darasa la kwanza, mimi mwalimu wake, na amesahau shairi mbele ya wazazi. Siku ile nilimnong'oneza mstari.

"Tunaishi vizuri," nikasema. "Tumezoea mvua."

Jaji akanishika mkono, akashukuru. Mpiga picha akaomba nikae ukingoni mwa kidimbwi nimpakate mjukuu wangu. Ndivyo alivyosema, mjukuu wangu. Nikampakata. Ni mtoto mwepesi, anapumua vizuri kabisa, kifua chake hakina sauti yoyote. Nilimchukia kwa ajili hiyo, Mungu anisamehe.

Jumapili, 6 Aprili

Siandiki.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kumwona Chiriku. Fleti ni ndogo, ina mapazia ya maua makubwa ya kutisha, dari imetoka rangi, na ni kavu kama biskuti. Chiriku amerudi kuwa yeye. Aliniongelea tangu mlangoni mpaka nikasahau kuvua koti.

"Bibi, Baba ameshinda?"

"Bado hawajasema."

"Majaji walikuja? Waliona chumba changu?"

"Walikiona."

"Walikipenda?"

"Sana," nikasema. Siku hizi nasema uongo kama maji.

Mkwe wangu aliniletea chai. Akakaa upande wa pili, akavua miwani na kuifuta kwa upindo wa gauni. "Mama, kuna kitanda cha ziada. Si kikubwa. Ukitaka." Baada ya yote yale. Nilimwambia nitafikiria baada ya tuzo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Msaidizi ameacha kazi, sijui kama kwa kupenda.

Jumamosi, 26 Aprili

Ameshinda.

Ukumbi ulijaa watu wa maana. Mimi nilikaa mstari wa mbele na kiti kitupu pembeni yangu. Jaji mwenye fimbo alipouliza kiti ni cha nani, mwanangu akasema mkewe ameshindwa kuja, amebaki na mtoto, mtoto hajawa mzima. Kwamba amebaki na mtoto, hilo ndilo neno la kweli pekee alilolitamka jioni nzima.

Kwenye hotuba alisema, "Tuzo hii si yangu. Ni ya mke wangu na binti yangu, walioniamini na kuishi ndani ya ndoto yangu." Watu wakasimama. Mama mmoja karibu nami alijifuta machozi. Mwanangu alikuwa analia kweli, na anawapenda kweli, na naamini aliyaamini maneno yake yote. Zamani nilidhani watu wa namna hiyo wanajua kwamba wanadanganya.

Nami nilisimama nikapiga makofi. Ningefanyaje, kila mtu alikuwa amesimama.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua zimeanza kupungua. Gazeti limeitoa picha ukurasa mzima: mimi ukingoni mwa kidimbwi, mtoto mapajani, mvua nyuma yetu. Chini wameandika, "Mama wa mshindi na mjukuu wake." Majirani wanaomjua Chiriku wameiona pia. Wamekuja kutupa hongera, wakaketi, wakaisifu picha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu. Jana niliwaheshimu zaidi kidogo kuliko leo.

Mafundi wa gata hawajaitwa. Nilimkumbusha mwanangu kiapo chake. Akasema sasa ndiyo haiwezekani kabisa, Mama, sasa nyumba imeingia kwenye vitabu.

Mchana simu ililia. Ilikuwa sauti ya Chiriku.

"Bibi, tumekuona gazetini! Umependeza. Mama mkubwa kanunua mawili."

"Ahsante, mama."

"Yule mtoto uliyempakata ni nani?"

Nilikaa kitandani. "Ni mtoto wa kazini kwa Baba."

"Anaitwa nani?"

Sikujua. Nilimpakata, nikapigwa naye picha, nikamchukia, na jina sikumwuliza. Nikamwambia sijui.

Akanyamaza. Chiriku hanyamazi. Nilianza kuogopa kifua chake kimebana tena, nikamwita, akaitika. Alikuwa anafikiri tu.

"Walimweka yeye kwa sababu mimi naumwa, eti?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwambie Baba nimepona. Mwambie sikohoi. Sikiliza." Akavuta pumzi ndefu kwenye simu, akaishusha, akavuta nyingine, na ya tatu, ili nisikie. "Umesikia? Hailii kitu. Wakija kupiga picha nyingine naweza kuja."

Nikamwambia nimesikia. Nikamwambia nitamwambia.

Mwanangu yuko sebuleni na wageni wa kutoka mbali, anawaeleza paa. Kwa kuwa nyumba haina milango, nimeongea na mtoto kwa sauti ya chini.